Wanaopaki Mtaa wa Pili

Ijumaa yangu ya kwanza kazini, mke wa rabi alisimama katikati ya sebule akaniuliza kama sioni kwamba kuna giza. Nikaangalia. Nikamjibu ndiyo, kweli kuna giza. Akatabasamu, nami nikatabasamu. Tukabaki pale, watu wazima wawili tunachekeana gizani, mpaka nikaona aibu nikarudi zangu chumbani kwa bibi niliyeajiriwa kumtunza, mama mzazi wa rabi.

Bibi ndiye aliyenifungua macho. Myahudi anayeshika dini, Sabato ikishaingia Ijumaa jioni, hawashi taa, hapiki, haendeshi gari, hagusi simu, mpaka Jumamosi giza liingie. Wala hatakiwi kumwamuru asiye Myahudi amfanyie. Anachoweza ni kusema tu kwamba kuna giza, akamwachia mwenzake aelewe. Kwa maradhi ya bibi walikuwa na ruhusa ya kuniambia waziwazi washa hiki, zima kile. Kwa raha zao wenyewe, ni kudokeza tu.

"Yarabi!" nikamwambia bibi. "Na mimi nimezaliwa Tanga! Kwetu mtu anasemwa kwa kanga iliyofungwa kiunoni na anaelewa, leo nimeshindwa na taa?"

Bibi hakuelewa habari za kanga, lakini alicheka mpaka nikamletea maji. Nikaenda nikawasha taa.

Ulikuwa mwaka wa mafuriko ya Houston, 2017. Nyumba yao ilikuwa bado inanuka rangi mpya, kwa sababu maji yaliingia mpaka usawa wa magoti na kuta zote za chini ilibidi zibomolewe zijengwe upya. Mimi nilikuwa nakaa Alief, upande mwingine wa mji, na binti yangu. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa marefu, leo yuko Arizona, kesho Ohio, kwa hiyo nyumbani tulikuwa sisi wawili na televisheni.

Mwajiri wangu hakuwa rabi wa kuongoza sala kwenye sinagogi. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta vijana wa Kiyahudi wa chuo kikuu ambao dini kwao imebaki jina tu, wale wanaokula chochote na hawajui siku kuu inaangukia lini, awarudishe. Nilipoelezwa hivyo nilijisemea, aa, kazi hii naijua. Mimi nimepita chuo cha Kurani Tanga, mwalimu wetu alikuwa na bakora tatu na kila moja na shughuli yake. Nilihifadhi juzuu kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Swali ulikuwa huulizi. Ukiuliza kwa nini, jibu lilikuwa linakukuta mgongoni.

Nilikuwa na sababu ya kutega sikio katika nyumba ile. Binti yangu alikuwa anamaliza sekondari, na nilikuwa nampoteza. Hijabu alikuwa ameivua. Kusali alikuwa ameacha, kwanza alfajiri, halafu zote. Nikimuuliza kwa Kiswahili kama amekula, ananijibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa. Nilikuwa nampoteza huku tumekaa kochi moja, na niliogopa mno. Nikasema hapa nimefika penyewe, hawa wana ujuzi wa kurudisha watoto, nitaiba ujuzi wao.

Basi nikawa naangalia. Na kadiri nilivyoangalia ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa.

Vijana walikuwa wanakuja Ijumaa jioni kula. Meza ndefu, kitambaa cheupe, mikate miwili iliyosukwa, supu ya kuku ambayo ukiionja utasamehe mengi. Chumba cha bibi kilitazamana na meza ile, na bibi alitaka mlango uachwe wazi, kwa hiyo hakuna nililolikosa. Alikuwapo msichana mmoja mwenye nywele nyekundu na suruali iliyochanika magotini. Siku ya kwanza tu, rabi hajamaliza hata kukata mkate, akasema kwa sauti, "Mimi siamini kama Mungu yupo. Nimekuja kwa ajili ya supu."

Nilishika ubao wa kitanda. Nikasema sasa leo tutaona.

Rabi alipiga meza kwa furaha. "Safi kabisa! Mungu yupi usiyemwamini? Nieleze alivyo. Pengine na mimi simwamini huyo."

Msichana akaanza kueleza, na rabi akawa anamuuliza swali juu ya swali, wenzake wakaingilia, meza nzima ikawa kelele kama soko. Halafu akawagawa wawili wawili, akawapa kila wawili ukurasa mmoja wa kitabu, mmoja atetee, mmoja apinge. Supu ilipokwisha akawaambia wabadilishane, aliyetetea apinge na aliyepinga atetee. Wakabadilishana! Mtu anapinga kile kile alichokuwa anakitolea macho dakika chache nyuma! Hakuna aliyeambiwa nani kashinda. Wakaletewa keki.

"Bibi," nikamuuliza, "sasa hapo wamejifunza nini?"

"Wamejifunza kurudi wiki ijayo," akanijibu.

Na kweli walirudi. Wiki nyingine yule mwekundu wa nywele akaaga mapema, akasema wazi anakwenda kwenye klabu kucheza muziki. Rabi hakukunja hata uso. Akamwambia, "Nenda salama. Nakuomba kitu kimoja tu. Ijumaa ijayo kabla jua halijazama, huko huko chumbani kwako, washa mshumaa. Ukimaliza nenda unakotaka."

"Hata klabu?"

"Mshumaa kwanza."

Astaghfirullah! Nusura nimwage uji wa bibi. Kwetu dini ni nyumba nzima, huwezi kuingia kwa dirisha la choo ukasema umeshahamia. Huyu mtu anampa msichana tofali moja na kumwambia akajenge kwenye muziki. Nilikasirika kana kwamba ni dini yangu inayochezewa.

Halafu nikagundua habari ya magari. Nilitoka kutupa taka jioni moja, nikapita kona, nikakuta mtaa wa pili umejaa magari ya vijana wale. Wamepaki huko, mbele za nyumba za watu, ili waje kwa miguu hatua chache waonekane wametembea. Yule mwekundu alikuwa anashuka. Akaingiza funguo za gari ndani ya soksi yake, akaniona, akaweka kidole mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa, maana ningefanyaje? Nikajikuta nimeingia kwenye njama za watoto.

Jumapili sikuweza kuvumilia. Nikamkuta rabi jikoni anajichemshia chai.

"Rabi, samahani, si kazi yangu. Unajua kwamba wale watoto wanakuja na magari?"

"Najua."

"Wanapaki mtaa wa pili."

"Huwa naona taa zao zikipita dirishani."

"Na ni dhambi kwenu?"

"Ni dhambi kubwa."

"Na wewe ndiye unayewaalika?"

Hapo akaweka kikombe chini. Akaniambia kwamba hilo linamnyima usingizi. Wakubwa wao wamegawanyika. Wapo wanaosema usimwalike mtu ambaye unajua atakuja kwa gari, utakuwa umemtia dhambini kwa mkono wako. Wapo wanaosema mwalike, lakini mpe na kitanda, mwambie alale ili asiendeshe. Akikataa, hilo ni lake. Ndiyo maana katika kila mwaliko wake, hata kwa anayekaa karibu, alikuwa anamalizia kwa kusema kitanda kipo.

"Basi toka nje siku moja uwaambie," nikasema. "Nenda pale kwenye gari, gonga kioo, sema nimekuona."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia achome nyumba. "Nikitoka ataondoka," akasema. "Anayepaki mtaa wa pili anajua vizuri kosa lake. Kama angekuwa hajui, angepaki hapa mlangoni."

Niliondoka na kichwa kinauma. Upande mmoja niliona ana akili. Upande wa pili niliona ni mwoga aliyepata maneno mazuri. Mpaka leo sijaamua.

Bibi, ambaye wote walidhani hasikii, alikuwa amesikia. Nilipokwenda kumkanda miguu akaniambia, "Usimwone hivi. Ujanja huu hakuzaliwa nao."

Ndipo aliponisimulia. Yeye bibi hakuwa mtu wa dini sana. Mwanawe alirudia dini akiwa chuoni, kwenye meza kama hii hii, na aliporudi nyumbani alirudi na moto. Akamwambia mama yake kwamba mishumaa anaiwasha kwa kuchelewa. Kwamba masufuria yake yamechanganya nyama na maziwa, ambavyo kwao havipikwi pamoja. Akakataa kula kwake. Miaka kadhaa alikuwa anakuja, anasimama mlangoni, anamsalimia, anaondoka bila kugusa hata maji.

"Alirudi kwa Mungu," bibi akasema, "mimi akaniacha barazani."

"Sasa ilikuwaje mpaka unakaa kwake?"

"Machungwa. Siku moja nilimwekea chungwa zima mezani na kisu kipya, bado kimo ndani ya pakiti yake ya dukani. Nikamwambia, hili halijapita kwenye sufuria yangu, limenye mwenyewe. Akaketi akalimenya. Akalia, mpuuzi yule." Bibi akacheka, kisha akaniomba nisikande kwa nguvu.

Sasa nifike kwa binti yangu. Mwanzoni mwa 2018 gari langu liliharibika giaboksi, na Houston bila gari wewe ni mfungwa. Ikabidi binti awe ananipeleka na kunichukua kwa gari lake kuukuu. Ijumaa alikuwa anakuja mapema kunisubiri, na akiona mlangoni hapana nafasi ya kupaki, anakwenda mtaa wa pili. Unaona linakokwenda. Yule mwekundu akamkuta amekaa garini, akadhani ni mwenzao amepata woga. Akamgongea kioo, akamwambia usiogope, hawang'ati, supu ni nzuri.

Mimi nikatoka chumbani kwa bibi nimebeba shuka chafu, nikamkuta mwanangu mezani. Ana kijiko mkononi. Anacheka! Mtoto ambaye nyumbani nilikuwa simwoni meno, anacheka na watu nisiowajua, na rabi anamwambia, "Endelea, endelea, kwa nini unafikiri hivyo?" Nilisimama na shuka zangu sijui nimwite au nirudi ndani. Nilifurahi kumsikia akicheka, na papo hapo nikasema wallahi hawa wananichukulia mtoto.

Alirudi Ijumaa iliyofuata, na nyingine. Njiani kurudi Alief alikuwa anaongea! Ananieleza hoja zao, nani kasema nini, kwa Kiingereza chake cha mbio, na mimi nashika nusu. Wakati mwingine alikuwa anaingia chumbani kwa bibi kumsalimia, wanakaa wanazungumza mimi nikiwa naosha vyombo. Usiku nilikuwa naomba Mungu amrudishe mwanangu, asubuhi nashukuru kwamba ananisemesha, na sikujua dua ipi ilikuwa inapingana na ipi.

Halafu siku moja alitoka mezani macho mekundu. Tukaingia garini. Akaegemea usukani akalia.

Alikuwa amemwomba rabi amfundishe. Si supu tu, masomo yenyewe, yale ya Jumanne ya kukaa wawili wawili na kitabu. Na rabi alimkatalia. Alimwambia: karibu kula siku zote, lakini kufundisha mimi nawafundisha Wayahudi waliopotelewa na kilicho chao. Wewe hujapotelewa na chetu. Sitafuti watu wa kuhamia kwetu. Una nyumba yako, na mama yako yumo humu ndani anasali chumbani kwa mama yangu. Kamuulize yeye.

"Hata yeye hanitaki," mwanangu akasema.

Nilishuka garini. Nilirudi mle ndani na viatu vyangu, hata kubisha sikubisha, nikamkuta rabi anapanga viti.

"Kwa nini umemfukuza mwanangu?"

Akashtuka. "Ulitaka nimfundishe?"

"Hapana!"

"Ulitaka nimfanye Myahudi?"

"Mungu apishe mbali!"

"Basi ulitaka nini?"

"Sijui!" nikapiga kelele. "Sijui nilitaka nini, lakini analia!"

Mkewe aliniletea maji. Rabi aliweka chini kiti alichokuwa amekishika. Akasema taratibu kwamba yule mtoto ana maswali mazuri kuliko wote waliowahi kukaa pale mezani, na kwamba angekuwa wake asingemwacha apite. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikarudi garini na mimi nalia.

"Haya," mwanangu akasema, amejifuta. Akasema kwa Kiswahili, Kiswahili chake kilichovunjikavunjika. "Amesema nikuulize wewe. Mama, kwa nini tunasali?"

Ee Mola. Miezi yote ile nimekaa naangalia jinsi ya kulipokea swali kama hilo. Nilichotakiwa ni kupiga dashibodi niseme safi kabisa, wewe unaonaje? Lakini swali lilipokuja, lilinikuta mtoto wa chuoni Tanga, na mgongo wangu ulikuwa bado unakumbuka.

"Kwa sababu ni faradhi," nikasema.

"Kwa nini ni faradhi?"

"Usikufuru."

"Sikufuru, nauliza."

"Nimesema usikufuru! Washa gari twende!"

Akawasha gari. Na hakurudi tena kwenye meza ile.

Mwaka huo huo akapata chuo huko Arlington, saa nne kwa gari. Muhula wa kwanza alikaa bweni. Wa pili akahamia nyumba ya kupanga na wasichana wenzake wawili, na mmoja ana mbwa. Mbwa mkubwa, wa ndani, ananitokea kwenye simu ya video amelala kwenye kochi ambalo mwanangu amekalia. Mate kila mahali, na mimi nisali wapi, nile kwa chombo gani? Nikasema, na nikaapa, kwamba mimi nyumba hiyo sikanyagi. Akitaka kuniona, njia ya kuja Houston anaijua.

"Sawa, mama," akasema. Na hakuja. Idi mbili zikapita.

Nilijaribu kudokeza, mbinu ya taa ile. Nikipiga simu nasema, "Huku kwetu adhuhuri ndiyo imeingia." Ananijibu, "Sawa, mama." Nasema, "Mwezi umeandama, watu wanafunga." Ananijibu, "Poleni na joto." Alinijibu kama nilivyomjibu mke wa rabi, ndiyo, kweli kuna giza. Nilikuwa nakata simu najicheka peke yangu kwa uchungu.

Nyumbani kwa rabi nako mambo yalikwenda yasivyotabirika. Ijumaa moja yule mwekundu alikula, akabishana, na wenzake walipoondoka yeye akabaki amekaa. Akauliza kile kitanda kiko wapi. Nilitega sikio nisikie shangwe. Hapana. Mke wa rabi alisema chumba cha pili kushoto, taulo zipo juu ya kiti, basi. Asubuhi sahani iliongezwa mezani. Nilipopita na dawa za bibi nilimwona rabi ameshika kitabu chake kichwa chini miguu juu. Wenzake watatu walioanza pamoja na huyo msichana walishapotea zamani, na mmoja aliniambia mwenyewe dukani kwamba pale ni supu tu. Kwa hiyo niambie, mbinu inafanya kazi au haifanyi? Watu wanarudi kwa supu au kwa maswali au wangerudi tu? Nilimuuliza bibi. Akasema akijua atanipigia simu. Alifariki mwishoni mwa 2019, hakunipigia.

Nililia msiba ule kuliko nilivyotegemea. Na katika kulia, nikawa nakumbuka chungwa lake na mwanawe aliyesimama barazani. Sikuipenda hiyo kumbukumbu. Nilikuwa naifukuza, inarudi.

Wiki chache kabla dunia haijafungwa milango kwa ugonjwa, mdogo wangu anayekaa Haltom City, ubavuni mwa Fort Worth, alijifungua. Nikapanda na gari peke yangu kwenda kumwona mtoto. Siku ya tatu mdogo wangu akaniambia, "Dada, Arlington ni hapo tu. Utafika Fort Worth urudi Houston hujamwona mwanao?"

"Aje yeye."

"Amesema ana mtihani. Nimempa taarifa kwamba upo. Amesema ukitaka, kikombe kimoja tu cha chai, hata usikae."

"Kasema kikombe kimoja?"

"Kimoja tu, ndivyo alivyosema."

Nikamwangalia mdogo wangu, yeye hajui lolote la meza ya rabi wala la mshumaa mmoja. Nikachukua funguo nikasema naenda kununua nepi.

Nilifika Arlington alasiri. Ni majengo ya kupanga yale ya ghorofa mbili, yanafanana yote. Sikupaki mbele. Nilizunguka nyuma, kwenye mapipa ya taka, nikapaki nyuma ya pipa kubwa ambapo mtu wa mlangoni hawezi kuniona. Nilitaka nikae kidogo, niangalie tu anapoishi, halafu nirudi kwa mdogo wangu na nepi. Nilikaa. Nikazima gari, nikaliwasha, nikalizima. Nikajiambia nimeapa. Nikajiambia kuna mbwa. Nilisoma kila dua niliyoihifadhi, na hakuna iliyoniambia nishuke wala nisishuke. Mwisho haja ndogo ndiyo iliyonishusha, nisitafute maneno makubwa.

Aliufungua mlango kabla sijagonga mara ya pili. Amekonda, nywele zimesukwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema, nikauliza choo kiko wapi.

Mbwa hakuwapo. Mwenzake alikuwa amemtoa matembezi. Kochi lilikuwa limefunikwa shuka jipya, mikunjo ya pakiti bado inaonekana. Kwenye kona, mkeka mpya umetandikwa upande upande, mshazari na ukuta, na nikajua kwamba alitafuta kibla kwenye simu. Sikuambiwa kitu kuhusu mkeka. Nilitawadha, nikasali alasiri pale, na nilipotoa salamu nilimwona amekaa kwenye kochi na vitabu vyake, hajasali, wala hajajifanya kusali. Nilikuwa na neno tayari mdomoni. Nililimeza. Lilipita kwa shida, nisikufiche.

Akaniletea chai. Niligeuza kikombe kama ilivyo tabia yangu, na chini yake kilikuwa bado na stika ya dukani.

"Kikombe kipya," nikasema.

"Hakijawahi kunywewa na mtu. Wala na mbwa."

Sikuuliza kama bibi alimsimulia habari ya chungwa. Niliogopa jibu lolote lile. Nikanywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi kupita kiasi, ndivyo anavyopika tangu mdogo.

"Mama," akasema akiangalia kitabu chake, "njia ya usiku si nzuri. Kitanda kipo."

Nikaweka kikombe chini. Nilitaka kumuuliza ni rabi gani aliyemfundisha hayo, kama si yule yule aliyekataa kumfundisha. Nilitaka kucheka, nikaona machozi yamenitangulia. Nikasema la kwanza lililonijia.

"Gari langu liko nyuma huko, kwenye mapipa. Si litakokotwa na wale wanaovuta magari yaliyopaki vibaya?"

"Najua liko wapi. Dirisha la jikoni linaangalia huko. Nimekuona tangu ulipoingia."

"Tangu nilipoingia? Nimekaa mle mpaka miguu imekufa ganzi! Kwa nini hukutoka kuja kuniita?"

Mwanangu akainua macho.

"Ungeondoka, mama," akasema.